Uzi maalumu: Nyasi za mapambo nyumbani. Zipi upande, zipi uziogope, na namna ya kuzitunza

#1 Fundi Bustani

Wakuu, habari za Jumapili.

Kazi yangu ni kutengeneza bustani za majumbani, zaidi Arusha na Moshi, na Dar nikiitwa. Miaka hii ya karibuni maombi ya wateja yamebadilika. Zamani mtu alitaka ukoka, au nyasi ya Pemba iliyojaa vizuri, basi. Sasa hivi mteja anakufungulia simu, anakuonyesha nyumba ya vioo sijui ya wapi, pembeni kuna nyasi ndefu zenye masuke yanayoyumbayumba, anakwambia "fundi, nataka hizi". Picha haisemi pale kunanyesha kiasi gani, haisemi baridi yake, wala haisemi nyasi hiyo itakuwa imefika wapi baada ya miaka mitatu.

Uzi huu ni wa nyasi hizo. Ukoka, nyasi ya Cape Town na wenzao wa kukanyagwa tutawafungulia uzi wao.

Kabla ya rangi na kabla ya urefu, mimi huuliza nyasi inasambaaje. Zipo zinazokaa shina moja likawa linanenepa polepole, kama mchaichai. Zipo zinazotambaa, ama juu kama ukoka, ama chini ya ardhi usipoziona. Na zipo zinazomwaga mbegu nyepesi zikaenda na upepo hadi kwa jirani. Za kwanza panda bila wasiwasi. Za pili ziwekee mpaka wa zege au zikae kwenye chungu. Za tatu fikiria sana, maana upepo haujengewi ukuta. Ukiwa kitaluni na muuzaji hajui jibu, muombe autoe mche kwenye kifuko. Ukiona vichipukizi vyeupe vyenye ncha kali vimetoka pembeni ya mizizi, hiyo ni ya kutambaa, hata akiapa.

Swali langu la pili ni mahali ulipo. Nyasi zipo za joto na zipo za baridi, na tofauti iko ndani ya jani, kwenye namna linavyotengeneza chakula. Mahindi, mtama, muwa, mchaichai, vetiva, mabingobingo, zote ni za joto. Jua la saa saba ndilo linazinenepesha. Ngano na shayiri ni za baridi, na kwenye kundi hilo ndimo ilimo ile nyasi fupi ya rangi ya bluu, Festuca glauca, ambayo kila mtu anaipenda kwenye picha. Kipimo changu ni rahisi: panapolimwa ngano, ijaribu. Panapoota minazi, usimpe mtu hela yako. Itakaa mwezi mmoja au miwili, itaoza katikati, na aliyekuuzia atakwambia ulimwagia maji mengi.

Sasa zile ninazozipanda mwenyewe kwa watu.

Mchaichai. Nikiutaja kama pambo mteja anaona namtania. Lakini upange mstari kando ya njia ya kuingilia, mashina yaachane kama sentimita 80, utaona majani yanavyoinama pande zote. Unafika mita moja na zaidi, hautoi maua ila kwa nadra sana, kwa hiyo hausambazi mbegu, na chai unakunywa. Unataka jua. Chini ya mwembe utakuwa mwembamba na wa njano. Kingo za majani zinakata, usiuweke pale watoto wanapokimbilia mpira.

Vetiva. Huku kwetu inajulikana kama nyasi ya kuzuia mmomonyoko. Benki ya Dunia iliipigia debe sana India miaka ya 1980 kwa kazi hiyo, na sifa hiyo imeifunika. Ikipandwa mashina yakiachana inasimama wima mita moja na nusu hadi mbili, majani membamba, ncha zimepinda kidogo, na mizizi inashuka chini mita tatu na zaidi badala ya kutanuka. Aina inayopandwa kwa kawaida haitoi mbegu zinazoota. Kwa wenye viwanja vya mteremko, wa Moshi juu, Lushoto, Mwanza kwenye mawe, unapata pambo na ngome ya udongo kwa jasho moja. Ukitaka uzio wa kuzuia udongo, sogeza mashina yaachane sentimita 10 hadi 15. Ukitaka umbo, yaachie nafasi.

Ile ya zambarau. Hii ndiyo inayoulizwa kuliko zote: majani ya rangi ya mvinyo, masuke mororo kama sentimita 20 au 30 yanayoinama. Jina lake ni Pennisetum 'Rubrum', siku hizi wataalamu wengi wanaiandika Cenchrus. Hapa shikeni jambo moja. Ina ndugu yake wa kijani, Pennisetum setaceum, ambaye asili yake ni Afrika Kaskazini, Afrika Mashariki na Uarabuni. Huyo wa kijani amepelekwa Hawaii, Arizona, Afrika Kusini na Australia kama pambo akatoroka bustanini, na huko sasa ni gugu. Anakauka, anashika moto, na moto ukipita yeye ndiye wa kwanza kuchipua. Huyu wa zambarau karibu hatoi mbegu hai kabisa. Anazalishwa kwa kugawanya shina. Kwa hiyo mkiona mtandaoni mtu anauza "pakiti ya mbegu za nyasi ya zambarau", jiulizeni ndani ya pakiti kuna nini.

Kwa kivuli: Setaria megaphylla, ya kwetu, inaota yenyewe pembezoni mwa misitu. Majani mapana yenye marinda kama sketi ya shule. Chini ya miti ambapo maua mengine yanagoma, hii inakaa.

Nyasi zetu za porini nitazieleza mtu akiuliza, maana hapo ndipo mimi huwa siishii kuongea.

Upandaji hauna siri kubwa. Panda mvua zikianza kushika. Shimo liwe pana kuliko mzigo wa mizizi, lakini kina kile kile. Ukifukia shingo ya shina linaoza. Samadi iliyooza koleo moja inatosha. Msiweke urea. Nyasi ikilishwa urea inarefuka haraka, inakuwa laini, na mvua ya kwanza yenye upepo inalala chini yote. Mwagilia kwa kushibisha, kisha acha udongo ukauke juu kabla ya kurudia. Ikishashika, nyingi hazikuhitaji tena ila kiangazi kikiwa kikali.

Halafu msichanganye aina kumi kwenye kiwanja cha robo eka. Aina moja ikirudiwa mara saba inapendeza kuliko aina saba kila moja mara moja. Wateja wengi hubisha hapa, na ni haki yao, hela ni yao.

Karibuni maswali.

#2 Ngosha Mkavu

Mkuu mimi nimekulia kijijini. Tulikuwa tunachapwa kwa kuacha nyasi zirefuke uani. Leo watu wananunua nyasi kwa hela taslimu wazipande mlangoni 😂 Nyoka je? Au nyoka wa mjini hawaingii kwenye nyasi za mapambo?

#3 Fundi Bustani

@Ngosha Mkavu wanaingia, hawajui ni za mapambo.

Lakini tuseme ukweli wote. Nyoka hafuati nyasi, anafuata panya na vyura, na anataka mahali pa kujificha. Viwanja vingi ninavyoitwa, nyuma ya nyumba kuna lundo la matofali yaliyobaki kwenye ujenzi, mbao na mabati ya zamani. Hapo ndipo nyumbani kwake. Mtu anaogopa mashina sita ya mchaichai mbele, nyuma ana hoteli.

Ninavyofanya: nyasi ndefu haikai karibu na mlango wala chini ya dirisha la chumba, naiacha mita tatu au zaidi. Chini ya mashina naweka kokoto badala ya kuacha majani makavu yajilundike, na majani ya chini yanayogusa ardhi nayakata. Ukiona chini ya shina mpaka upande wa pili, na nyoka naye anajua anaonekana.

Na msidanganyane kwamba mchaichai unafukuza nyoka. Mbu pia. Mafuta ya jamii hii ya nyasi yakikamuliwa na kupakwa yanasaidia kufukuza mbu kwa muda, lakini shina lililosimama tu bustanini halimfanyi mbu chochote.

#4 Mama Shiko Kitengela

Hamjambo nyote. Fundi, umesema nyasi za porini uulizwe, basi mimi nauliza. Niko Kitengela, udongo ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unabeba kilo mbili kwa kila kiatu, jua likiwaka unapasuka mpaka mkono unaingia. Nimenunua maua barabara ya Ngong, yanafika hapa yanakufa. Kuna nyasi itakayokubali?

#5 Fundi Bustani

Dada, wewe unaishi juu ya jibu lako. Kabla nyumba hazijafika, tambarare zote hizo za Athi zilikuwa zimejaa Themeda triandra, na bado ipo tele ukivuka uzio wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ndiyo hiyo hiyo ya Serengeti. Udongo mweusi unaotuama maji na kupasuka haiuogopi. Shina lake linakaa pamoja, majani yana kijani cha majivu, kisha yakikomaa yanageuka shaba na wekundu. Masuke yananing'inia yakiwa na manyoya meusi. Wageni wanaipiga picha kutoka kwenye gari la watalii, na wenyewe tunaifyeka tupande cha kutoka nje.

Ina masharti mawili. Kuipata kwa mbegu ni kazi, kwani mbegu nyingi ni tupu na zilizo hai hulala muda mrefu kabla ya kuota. Bora upate shina kutoka kiwanja kinachokaribia kujengwa, umuombe mwenyewe, uligawanye. Msiende kuchimba ndani ya hifadhi. Sharti la pili ni kuikata kila mwaka. Porini inakatwa na pundamila, ng'ombe na moto. Ukiiacha bila kuikata, majani yake makavu yanaifunika, machipukizi hayaoni jua, na shina linakufa taratibu huku wewe ukijisifu kwamba bustani yako haihitaji kazi.

Na pandisha udongo. Hata kwa nyasi inayovumilia, kitanda kilichoinuliwa sentimita 20 kwenye udongo mweusi kinasaidia mche mpya usizame mvua ya kwanza.

#6 Mfugaji wa Makueni

Naongezea kwa dada wa Kitengela. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wana kituo Kiboko ambacho kimeshughulika miaka mingi na nyasi za kurudishia malisho ukame unapoharibu. Kwa hiyo mbegu za nyasi za kienyeji zinapatikana, na hata wafugaji huku tunazivuna na kuuziana. Sisi tunapandia ng'ombe, lakini nikiangalia kwa jicho la mama watoto, mbili ni za maua kabisa. Eragrostis superba ina vichwa bapa vilivyojipanga pande mbili za bua, vinaanza kijani vinaishia hudhurungi yenye wekundu, vikikauka unaweza kuviweka ndani ya chupa mwaka mzima. Chloris roxburghiana ina masuke ya manyoya ya zambarau iliyopauka, asubuhi yakiwa na umande ni kitu kingine.

Ushauri wa mbegu: usitumie zilizovunwa jana. Zikae miezi kadhaa kwenye gunia kavu, zitaota vizuri zaidi. Usizifukie kama mahindi. Kwaruza udongo, mwaga, pitisha tawi juu yake, imetosha. Mchwa na sisimizi watachukua sehemu yao, ongeza kidogo.

#7 Mama Shiko Kitengela

Asanteni sana. Mzee wa Makueni, hiyo ya pili ng'ombe wa Wamasai wakipita hapa si wataimaliza?

#8 Mfugaji wa Makueni

Wataimaliza. Na Themeda pia, na ile ya zambarau pia wataionja. Kama huna uzio, panda mchaichai upande wa nje, mifugo haiupendi sana, na vetiva iliyokomaa ni ngumu kwao. Vetiva changa wanakula. Hizo tamu ziweke ndani.

#9 Mwana wa Bububu

Assalaam alaykum. Kaka fundi, mbona bara mumejipendelea? Sisi huku Unguja udongo ni mchanga mweupe na matumbawe, kaskazi inakausha, kusi inaleta chumvi. Nyumba yetu iko karibu na bahari, kila tulichopanda majani yanaungua ncha.

#10 Fundi Bustani

Waalaykum salaam. Umenishika ndugu yangu, pwani nafika kama mgeni. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni vetiva, inavumilia chumvi kuliko nyingi ya hizi. Ipande iwe mstari wa kwanza kuelekea baharini, halafu vilivyo dhaifu vikae nyuma yake. Mchaichai utakubali ukiwa nyuma ya ukuta. Mchanga haushiki maji wala chakula, kwa hiyo changanya mboji nyingi kuliko tunavyofanya bara, na weka matandazo, hata makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa.

#11 Bi Asha wa Mchangani

Mimi niko Pwani ya Kusini, Diani. Haya maneno ya vetiva ni kweli, tena mkiosha mizizi mizee mkaikausha ina harufu nzuri ya kuweka kabatini kwa nguo. Ila nyie vijana mnasahau nyasi ya Pemba. Haina masuke ya kuringia, lakini inastahimili chumvi na kivuli cha minazi, na hizo ndefu zikisimama juu ya zulia la kijani ndipo zinaonekana. Zikisimama juu ya mchanga mtupu zinaonekana mmeacha kulima.

#12 Mpambaji Sinza

Wakuu mimi ni mpambaji wa kumbi za harusi hapa Dar. Swali langu ni pampas. Bi harusi wote wanataka pampas, mabua marefu yenye manyoya ya rangi ya krimu. Za bandia zinachakaa na kuonekana ni za bandia, za kukausha kutoka nje ni ghali. Nina eneo Kibaha. Je, nikipanda mwenyewe?

#13 Fundi Bustani

Dada Mpambaji, hapa nitakuvunja moyo kisha nikupe njia nyingine.

Pampas ni Cortaderia selloana, ya Amerika Kusini, maeneo yasiyo na joto letu la pwani. Kibaha itakusumbua. Ukiipeleka nyanda za juu itakubali, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Kila suke linaweza kubeba mbegu kwa maelfu mengi, nyepesi, zinaruka mbali. Afrika Kusini imeorodheshwa kisheria kama mmea vamizi unaopaswa kudhibitiwa, California na New Zealand wanahangaika nayo kila mwaka. Majani yake pia ni msumeno. Kulisafisha shina moja unahitaji glavu ngumu na mikono mirefu. Mimi siipandi kwa mteja hata akiniongezea hela. Tuna mito na mabonde yaliyobaki mazima kidogo, sioni sababu ya kuyajaribia.

Njia nyingine: masuke ya matete ya mtoni na masuke ya muwa. Yote ni ya manyoya, na kwa mbali kwenye jukwaa la ukumbi mtu hatatofautisha. Siri iko kwenye siku ya kukata. Kata suke likiwa ndiyo kwanza linatoka kwenye ala yake, halijafunguka lote. Ukisubiri lifunguke, ukumbini litapukutika kwenye shela. Funga mafungu madogo, ning'iniza kichwa chini mahali pakavu penye kivuli na hewa, wiki mbili au tatu. Yakishakauka pulizia ile dawa ya kushikilia nywele inayouzwa saluni. Lakini kata masuke tu. Matete yenyewe usiyalete nyumbani, mizizi yake inatambaa chini na haiombi ruhusa.

#14 Mpambaji Sinza

Hiyo ya dawa ya nywele umeniua 😂 Najaribu. Masuke ya muwa Kilombero yapo ya kumwaga.

#15 Mbongo Hamburg

Salamu kutoka Ujerumani. Nacheka nikisoma uzi huu maana nafanya kazi kituo cha kuuza mimea huku. Ile Pennisetum ya kijani imewekwa kwenye orodha ya mimea vamizi ya Umoja wa Ulaya tangu 2017, kuiuza ni marufuku. Ya zambarau inauzwa halali kwa jina la Pennisetum advena 'Rubrum'. Na baridi ya huku inaiua, kwa hiyo watu wanainunua Mei, inapendeza hadi Oktoba, inakufa, mwakani wananunua tena. Nyasi ambayo Arusha inakaa miaka, hapa ni ya msimu mmoja.

Kingine, video nyingi mnazoangalia zinatoka huku. Zikisema "usikate mpaka mwisho wa baridi" zina maana ya theluji. Msizifuate neno kwa neno.

#16 Fundi Bustani

@Mbongo Hamburg umenitoa neno mdomoni. Kwetu kalenda ni ya mvua. Wa mvua mbili, yaani kaskazini mwa Tanzania, pwani, na sehemu kubwa ya Kenya, kateni mwishoni mwa Februari, masika inakuta shina safi na ndani ya wiki chache limeshavaa. Wa mvua moja, Dodoma, Iringa, Mbeya, Njombe, kateni mwishoni mwa Oktoba au Novemba mapema.

Namna ya kukata: lifunge shina kwa kamba ya katani kiunoni, ivute libane, kisha kata chini ya kamba ukiacha sentimita 10 hadi 15. Linaanguka fungu moja, unalibeba. Bila kamba utaokota majani mpaka magharibi. Vetiva iachie juu zaidi, sentimita 30 hadi 40. Majani yasiende kwenye moto wa taka, ni matandazo mazuri. Na tukiwa kwenye moto: nyasi ndefu iliyokauka isikae karibu na mahali mnapochomea taka wala karibu na jiko la nje. Hilo naliona kila kiangazi.

#17 Makambako Baridi

Fundi umeisema ngano na mimi niko kwenye ngano. Festuca ya bluu ninayo, inakaa. Lakini udongo wetu unashika maji, nikaichanganyia mchanga na kokoto ndipo ilipotulia. Na isiwe na mbolea, ikishiba inapoteza ubluu. Tatizo la huku ni umande unaoganda mwezi wa sita na wa saba. Ile ya zambarau inaungua majani yote, ila chini haifi kila mara.

#18 Fundi Bustani

Sawa kabisa mkuu. Huko ile ya zambarau iwekwe karibu na ukuta unaopata jua la mchana, ukuta unaitunzia joto usiku. Na majani yaliyoungua usiyakate upesi, yanalinda shingo ya shina mpaka baridi ipite.

#19 Daktari wa Mtaa

Natia neno dogo. Kwenye nyumba yenye mtu wa pumu au mafua ya mzio, chavua za nyasi ni miongoni mwa visababishi vikubwa. Wakipenda nyasi, wachague zisizotoa maua mara kwa mara kama mchaichai, au masuke yakatwe mapema. Na wenye mbwa waepuke zile zenye mbegu za mkuki kama Heteropogon, zinaingia kwenye masikio na kati ya vidole.

#20 Ngosha Mkavu

Mianzi je? Nasikia nayo ni nyasi. Jirani amejenga ghorofa, sasa ananiona nikioga nje.

#21 Fundi Bustani

Oga ndani mkuu 😂

Mianzi ni nyasi kweli. Nunua inayokaa shina, jamii ya Bambusa, ikiwemo ile ya manjano yenye michirizi ya kijani. Kimbia Phyllostachys, inatembea chini ya ukuta na kutokea kwa huyo huyo mwenye ghorofa. Na hata Bambusa inanenepa sana, usiiweke karibu na chemba ya maji machafu. Kwa eneo dogo vetiva mstari mmoja inakufunika mpaka kifuani, na hapo juu tafuta turubai.

#22 Mgogo wa Nala

Fundi, nina mashina ya zambarau niliyonunua Dodoma mjini. Yamekuwa makubwa, katikati pameanza kuwa na kipara. Nataka kuyagawa yajaze upande wa mbele wote. Nifanye lini na vipi?

#23 Fundi Bustani

Kipara hicho ni uzee wa katikati, kinatokea kwa nyasi nyingi za shina baada ya miaka miwili hadi minne. Muda wake umefika.

Dodoma msidanganyike na mvua ya kwanza. Subiri zinyeshe mbili tatu nzito, udongo uwe umelowa kiganja kizima kwenda chini. Siku moja kabla, mwagilia shina. Kata majani yabaki sentimita 15 au 20. Chimba kuzunguka kwa jembe, usiwe na haraka, kisha ng'oa zima kwa sepetu. Lilaze. Panga kali ndiyo kisu chake: kata kutoka pembeni kuingia kati. Kila kipande kiwe na machipukizi matano au zaidi na mizizi yake. Ile ya katikati yenye kipara tupa kwenye mboji, usiionee huruma, haitachipua ya maana.

Vipande visikae juani hata nusu saa. Viviringishe kwenye gunia lililoloweshwa, panda siku hiyo hiyo jioni. Vikae kina kile kile vilichokuwa, kanyagia kidogo pembeni, mwagilia. Kwa upande wote wa mbele acha sentimita 70 hadi 80 kati ya shina na shina. Kutaonekana kutupu mwanzoni na mke atakuuliza, mwambie asubiri. Mwagilia kila baada ya siku mbili kama mvua haijashuka, na kwenu Februari mvua hupenda kukatika, hapo usiviache. Matandazo yasiguse shingo.

Halafu angalia jua. Huku kwetu linachwea karibu magharibi kabisa mwaka mzima. Kama kibaraza chako kinatazama magharibi, weka mashina kati ya kiti chako na jua la jioni. Masuke ya zambarau yakipigwa na mwanga kutoka nyuma ndiyo yale ya kwenye picha.

#24 Mgogo wa Nala

Kibaraza kinatazama kaskazini. Mashariki kuna mbuzi wa mzee Chairman.

#25 Fundi Bustani

Basi yapange upande wa magharibi ukutani, utakuwa unayaona ubavuni ukikaa. Na kabla ya kugawa chochote, malizana na mbuzi. Vipande vichanga havifiki wiki.

#26 Mwana wa Bububu

Kaka fundi, hayo mabaki ya vetiva ukikata huko Moshi usitupe. Kuna jamaa yangu anakuja na boti Ijumaa, nipatie machipukizi gunia moja nianze mstari wa mbele.

#27 Fundi Bustani

Yapo. Yakatwe majani yabaki kiganja, mizizi sentimita 10, yafungwe kwenye gunia bichi, siku tatu nne yanavumilia. Nitumie ujumbe wa pembeni tupange.